Mlango Uliopanda Kilima cha Nyantende

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa mbili na robo asubuhi, watu thelathini na wanane walikuwa wamepanga mstari mbele ya kanisa dogo la Nyantende: wanawake ishirini na mmoja na wanaume kumi na saba. Apollinaire aliwahesabu mara mbili, akaandika idadi hiyo katika daftari lake, ndipo akafungua mfuko wa kamera.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, na kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amepiga picha za watu wa Bukavu katika chumba chake kimoja cha mtaa wa Kadutu. Kanuni yake ilikuwa moja: mtu asitoke katika kamera yake akiwa na sura ya kujutia. Kwa hiyo popote alipokwenda alibeba kitana, mafuta ya kupaka usoni, na koti jeusi la vifungo vitatu ambalo lilikuwa limekwisha kuvaliwa na nusu ya wanaume wa mji katika vitambulisho vyao.

Kazi ya safari hii ilitoka katika ofisi moja ya mradi wa maji huko mjini. Ofisi ilikuwa tayari kupandisha bomba hadi juu ya kilima, kwa sharti kwamba picha za wenye nyumba zionyeshe nyumba zisizopungua thelathini zilizo mbali na maji kwa zaidi ya mita mia tano. Katika nyumba ya mwisho huko juu, nyuma ya mikaratusi, aliishi Rosalie, dada mkubwa wa Apollinaire, mjane wa miaka sabini na miwili. Mwezi wa Machi alikuwa ameteleza njiani na bidoni la maji la lita ishirini mgongoni, na goti lake halikurudia hali yake tena. Tangu hapo alishuka kuteka maji kila baada ya siku mbili, naye alikunywa kidogo ili yasiishe. Apollinaire aliposikia neno bomba aliikubali kazi kabla ya kuelezwa ni kazi gani.

Aliyemweleza alikuwa Didier, mhandisi kijana wa ofisi hiyo. Alimkabidhi kisanduku cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kinachopachikwa juu ya kamera mahali ambapo huwekwa taa. Kisanduku hicho, alisema, ni GPS: husikiliza satelaiti za angani, na kila picha inapopigwa huiandikia ndani yake mahali ilipopigiwa. Taa yake nyekundu ikipepesa, bado kinatafuta. Ikitulia ikawa ya kijani, piga. Didier alizungumza juu ya satelaiti kwa muda wa saa nzima. Neno moja tu hakulisema, kwa kuwa lilikuwa wazi mno kwake: kwamba kila mtu apigwe picha nyumbani kwake.

Apollinaire naye alifikiri kwamba chombo kinachosemezana na mbingu hakiwezi kushindwa kujua mtu anatoka wapi. Hata hivyo, kwa usalama, aliwaomba watu wakiambie. Basi kila mmoja alisogea mbele, akakiinamia kisanduku kwa adabu na kukitajia jina lake, jina la baba yake, na upande wa kilima anakokaa. Bibiane, muuza maharagwe, aliongeza kwamba njia ya kwake hupita kushoto kwa mparachichi, wala si kulia, kwa sababu kulia kuna mbwa.

Kisha wakapigwa, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mlango wa kanisa. Hakuna aliyependekeza mahali pengine. Mlango huo ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi ya buluu, una kitasa kinachong'aa, na ulikuwa umeletwa na parokia mwezi wa Januari. Hapakuwa na kitu kizuri zaidi kilimani kote. Kando yake, hatua mbili tu, lilikuwapo bomba la pekee la maji katika Nyantende ya chini.

Siku ya Jumatano Didier alimwita ofisini, akamgeuzia kompyuta. Katika ramani ya Nyantende palikuwa na alama moja nyekundu. Alipoikuza ikawa alama thelathini na nane, zimelaliana kama punje za wali kijikoni.

"Muzee," akauliza Didier, "hawa batu bote banakala fasi moja?"

Apollinaire alijibu kwamba wanakaa kilima kizima, na kwamba kila mtu alikwisha kukieleza kisanduku hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.  Didier akasema kwamba mashine inaonyesha watu thelathini na wanane katika nafasi ya mkeka mmoja; kwamba wanaume wote kumi na saba wana koti moja; na kwamba mwenzake wa idara ya afya, baada ya kuona ramani, alikuwa ameuliza kwa maandishi kama watu hao hulala wima.

"Na robine ya maji iko hapa, mita mbili," akamalizia. "Mutu wa kukala mita mbili na maji, tumuletee tena maji ya nini? Kesho kutwa, Ijumaa saa sita, tunafunga dosye, faili ya bomba hili."

Alhamisi asubuhi Apollinaire alifika Nyantende kwa pikipiki. Watu thelathini na saba walikuwa wamemtangulia kanisani, wamevaa vizuri kuliko Jumanne. Aliyekosekana alikuwa Rosalie, kwa sababu ya goti. Aliwaeleza kosa lilivyotokea na kwamba sasa kila mtu apigwe kwake. Walimsikiliza vizuri, wakakataa.

"Papa Foto, nyuma ya kwangu kuko nguruwe," alisema Bibiane. "Batu ya mu biro ya maji batasema Bibiane analala na nguruwe. Weye mwenyewe njo ulitufundisha: mutu hapigwe foto mu buchafu. Miye kama si mbele ya ule mulango, sipigwe."

Maneno hayo yalikuwa ya Apollinaire mwenyewe, na alikuwa ameyasema kwa miaka arobaini na mmoja. Alimfikiria dada yake aliye juu, akautazama mlango. Gentil, mwashi, naye aliutazama, lakini kwa jicho la fundi.

"Iko ya kutoka," alisema. "Unanyanyua tu."

Déogratias, katekista, alisimama mbele ya mlango na kunyoosha mikono. Alikumbusha kwamba aliupokea yeye, kwa sahihi yake, mbele ya padri. Mabishano yalichukua nusu saa. Mwishowe aliridhia kwa sharti moja: mlango usiende mahali asipokwenda yeye, na yeye asiuache hata hatua kumi. Kwa hiyo wanaume wanne wakaunyanyua kutoka katika bawaba zake, wakauweka begani.

Kwanza zilipimwa nyumba kwa hatua kutoka bombani, na nane zikaonekana kuwa chini ya mita mia tano. Wenye nyumba hizo walikwenda zao wakinung'unika. Zikabaki thelathini kamili, ya Rosalie ikiwa ya mwisho. Ikikosekana moja, bomba halipandi. Msafara ukaondoka na watu thelathini na mmoja: wenye nyumba ishirini na tisa, katekista na mpiga picha.

Utaratibu ulikuwa huu. Wakifika kwa mtu, mlango uliegemezwa ukutani, au kwenye mgomba pasipokuwa na ukuta wa kuaminika. Mwenye nyumba alisimama mbele yake, wanaume wakiwa ndani ya koti. Kisha wote walinyamaza wakisubiri taa ya kijani, kwa kuwa mtu fulani alisema satelaiti hupotea kwa kelele, na Apollinaire, aliyekwisha kukosea mara moja, hakuthubutu kupinga.

Jambo moja hakulihesabu yeye aliyehesabu kila kitu. Mtu akishapigwa picha kwake, tayari yuko kwake. Ana maharagwe motoni, ana nguo safi za kuvua, na kiti chake kiko hapo hapo. Kila nyumba, basi, ilimeza mtu mmoja. Katika nyumba ya kumi wabebaji wa zamu walikuwa bado tele. Katika ya ishirini wanawake walianza kupokea upande wa nyuma. Katika ya ishirini na sita Gentil aliahidi kuwafuata mara tu atakapomaliza kula, naye bila shaka alikula kwa makini sana. Bibiane aliubeba mlango kwa mbele hadi kwenye zizi lake la nguruwe, akapigwa picha mbele yake, akashukuru, akaingia kupika. Hiyo ilikuwa nyumba ya ishirini na tisa.

Wakabaki wazee wawili, mlango mmoja wa chuma, na mita mia mbili za kupanda. Walikwenda hatua kumi kumi. Déogratias, aliyekuwa nyuma, alisali kwa sauti. Apollinaire, aliyekuwa mbele, alihesabu. Saa kumi na dakika ishirini walifika kwa Rosalie, na mvua ilifika pamoja nao.

Rosalie aliwatazama kutoka kizingitini.

"Mudogo," alisema, "munaniletea mulango? Miye niliomba maji."

Waliuegemeza kwenye ukingo wa paa wakasimama watatu chini yake. Mvua ilipiga chuma juu ya vichwa vyao, na taa nyekundu ikaendelea kupepesa. Zilipita dakika tano, zikapita kumi. Apollinaire aliona kwamba mwanga wake ulikuwa ukififia. Betri ilikuwa imesikiliza mbingu tangu asubuhi. Hapo akaelewa kwamba kisanduku hakisikii kitu chini ya chuma. Alitoka akasimama mvuani, kamera mikononi. Taa ilipepesa mara tatu, ikatulia, ikawa ya kijani.

Déogratias alijaribu kuusimamisha mlango nyuma ya Rosalie, ila peke yake hakuuweza. Rosalie alichechemea hadi uani vivyo hivyo: miguu mitupu, kitenge cha jikoni, kilemba kimelowa na kumshukia jichoni. Apollinaire aliingiza mkono mfukoni akatoa kitana.

"Ngoja, Yaya," alimsihi dada yake mkubwa. "Kichwa. Nguo. Hivyo hapana."

"Piga. Foto iko ya maji, acha nilowe."

Alitazama kitana, akatazama taa, akapiga mara moja. Taa ikazimika, haikuwaka tena.

Siku ya Ijumaa Didier alifungua picha. Safari hii alama zilitapakaa kilimani kama maharagwe yaliyopandwa: ishirini na tisa, na baada ya kitambo ile ya thelathini, peke yake juu kabisa. Alizihesabu kwa kidole. Kisha akazitazama picha zenyewe.

"Muzee, hawa batu bote bana mulango moja?"

"Ndiyo."

"Na huyu maman wa mwisho, yeye hana?"

"Alikuwa nao," alisema Apollinaire. "Hakuutaka."

Didier alitafuta katika fomu mahali pa kuandika jambo hilo, asipate. Saa tano na dakika arobaini aligonga muhuri: bomba litapanda hadi nyumba ya thelathini. Apollinaire aliomba tu kwamba jina lake yeye mpiga picha, chini ya picha hiyo ya mwisho, liandikwe kwa herufi ndogo. Alipotoka nje alimpigia dada yake simu. Rosalie alizipokea habari, akauliza ni lini, kisha akaomba apelekewe watu wa kubeba, kwa sababu katekista amelala jikoni kwake, amekataa kushuka bila mlango, na anakunywa maji mengi.

Saa sita kamili mchana, Ijumaa tarehe 17 Mei, hesabu ilikuwa hii. Kanisani hapakuwa na mtu wala mlango. Katika nyumba ishirini na tisa za njiani walikuwamo watu ishirini na tisa, kila mmoja kwake, na hakuna aliyekuwa akipanda. Juu kilimani walibaki wawili: Rosalie na Déogratias.