Viti vya Jirani

Miaka ile ya tisini, mume wangu alipofariki, msiba tuliuweka kwenye fleti yetu ya Kilburn, huko ughaibuni. Tulilia kwa sauti, kama kwetu Tanga. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, yule Mwingereza mwenye kipara na michoro shingoni, ambaye siku zote tulimwita mbaguzi. Nikajua amekuja kutufokea, nikawa tayari kummalizia hasira zangu zote. Akachungulia, akaona wanawake tumekaa chini mkekani. Akaondoka, akarudi na viti vyake vya mezani. Masikini, alidhani hatuna! Vyetu tulivirundika chumbani, maana msibani tunakaa chini. Sikumwambia. Niliinuka mkekani, nikakalia chake. Kesho yake nilimwona dirishani kwake, anakula amesimama.