Nguvu ya Kuvuta

Mimi ni mtu wa hasira, nalisema mapema nisije nikaonekana najisafisha. Shuleni nilimng'oa mwenzangu jino kwa kunicheka tu. Ukubwani ngumi zilipungua, zikahamia kwenye pikipiki.

Yangu ilikuwa CC mia sita, silinda moja, pistoni kubwa kama kopo la maziwa. Shemeji yangu, mume wa dada, mfanyabiashara aliyehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, alikuwa na CC mia sita vilevile, ila silinda nne. Kwenye lami aliniacha kama nimesimama. Lakini nguvu ya injini yake ilikaa juu, huipati mpaka uilize injini kwanza. Yangu ilikuwa nayo chini kabisa: unaachia klachi, inaondoka na mzigo bila makelele. Hilo shemeji hakulikubali. Kwake nguvu ni hesabu ya nguvu za farasi, na zake zilikuwa maradufu ya zangu.

Jumamosi moja tulibishana uwanja wa mpira Kasense mpaka watu wakajaa. Angeishia kwenye pikipiki, tungecheka yakaisha. Akasema, "Nyie huku mmezoea maksai. Ndiyo maana dada yako nilimchukua kiulaini, kwenu hapakuwa na mwanaume."

Watu wakaguna. Baba yetu alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini.

"Tuvutane," nikasema.

Mzee mmoja alikuwa anapita na ng'ombe wake akitoka kulima. Tukamwomba mnyororo wa plau. Alitupatia, akinung'unika kwamba mnyororo si kitu cha kuchezea. Tukazifunga pikipiki mkia kwa mkia.

Shemeji alivuta mafuta yote. Injini ikapiga ukelele, tairi lake la lami likazunguka bure kwenye nyasi, klachi ikanuka. Mimi nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole. Mnyororo ukakaza. Yake ikarudi nyuma hatua moja, ya pili, ikazima. Nilikuwa nimeshinda, na kila mtu aliona.

Sikuacha. Pikipiki yake iliyumba, ikamwangukia mguu wa kulia, nami nikaendelea kuivuta hivyo hivyo, na mguu ukiwa chini yake. Nguvu ile ilinipendeza, niseme kweli. Niliisikia mapajani. "Achia! Shemeji, achia!" aliita. Nikaongeza mafuta. Akaita tena, nikaongeza tena. Kisha nikasikia mfupa unavunjika, na baada yake sauti ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa mezani, siwezi kumaliza chakula.

Kilichonisimamisha ni fimbo ya yule mzee. Alinichapa mgongoni, ya pili ikanipata shingoni, nikaanguka.

"Hata ng'ombe akiambiwa simama anasimama!" alifoka.

Niliinuka nikamzaba kofi, mtu wa rika la baba yangu. Vijana wakaniangusha, wakanipiga mateke mpaka nikatema damu. Sikuwalaumu.

Hospitalini mguu ulikatwa chini ya goti. Siku ya nne nilijikaza, nikaenda. Dada alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kanga imemlegea mabegani, macho mekundu.

"Kaka," alisema, "watu wanasema alikuita na ulimsikia."

Kabla sijafungua mdomo, shemeji akanitangulia. "Angesikiaje? Pikipiki yangu ilikuwa inanguruma."

Ilikuwa imezima. Mimi na yeye tulilijua hilo. Dada alishusha pumzi ndefu, akachukua chupa, akatoka kwenda kufuata uji.

"Ulinisikia," shemeji alisema, macho yake kwenye dari.

"Nilikusikia. Kila ulipoita."

Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, na hakuyafuta. Nilitamani anitukane, anitemee mate, nipate cha kujibu.

"Nilikosea kuwatukana wakati mna msiba," alisema. "Lakini mguu wangu, shemeji. Mguu wangu." Kisha akasema, "Usimwambie dada yako. Baba hana tena, na mume ndiye huyu wa mguu mmoja. Asipoteze na kaka."

Dada akarudi. Alimimina kikombe cha kwanza, akampa mumewe. Cha pili akanipa mimi, akanishika bega.

"Pole na wewe, kaka," alisema. "Najua inakuuma."

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa.