Flashi Niliyoichomoa Siku ya Maziko

Namtaja Ambakisye, fundi kompyuta wa Ilomba, aliyenipa flashi yenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, akisema, "Chomeka, washa, tumia." Mimi wa darasa la saba, niliyetoka hai kwenye mashimo ya dhahabu Makongolosi, ningeshindwa na hilo? Nikachomeka, kompyuta ya steshenari yangu ikawaka, nikawatangazia majirani kwamba nimeweka mfumo mpya bila fundi.

Asubuhi ya maziko nilichapa historia ya marehemu jirani yetu, aliyoiandika mjane wake kwa mkono, isomwe makaburini saa nane. Nikaihifadhi vizuri. Printa ikagoma. Nikaona flashi ndiyo inaibana, nikaichomoa. Kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha, ukaja mfumo ule wa zamani, historia haipo.

Nikampigia Ambakisye, simu nimeiweka sauti ya nje, ili kaka wa marehemu aliyekuja kuchukua kazi amsikie mkosaji.

"Mzee wangu, hukuweka mfumo wowote. Ulikuwa unauonja tu kwenye flashi. Ukizima, vyote vinapotea. Si nilikwambia?"

Kweli aliniambia.

Kaka wa marehemu akanyoosha mkono. "Basi turudishie karatasi ya shemeji, itasomwa hivyohivyo."

Ikabidi niseme kwamba, kwa baridi ya asubuhi ile, nilishaiwashia jiko.