Boti Iliyotoka Jasho

Baba yangu ni mtu wa bara, amebeba trei hotelini Galu tangu sijazaliwa. Mwaka huu aliamua ataacha kazi, na kiinua mgongo chake chote akinunulie boti ya matanga iliyokwisha tumika, awatembeze wageni mwenyewe.

Asubuhi tulipokwenda na dalali kuitazama, ilikuwa inaelea, inameremeta rangi mpya. Baba akaikagua kama lori la barabara kuu kule Mackinnon Road. Akawasha injini, akaitegea sikio, akakalia viti, akabonyeza honi. Kidogo tu aulizie magurudumu.

"Na mkuku?" niliuliza. Mkuku ndio uti wa mgongo wa chini. Katika boti ile ni pande zito la chuma lililokazwa kwa bolti. Likichomoka baharini, boti inapinduka na abiria wake.

Dalali alinitazama kama niliyekohoa katikati ya dua. "Binti, mkuku uko majini. Unataka kupiga mbizi?"

"Nataka maji yaondoke, mzee wangu. Yanaondoka kila siku, wala hatuyabembelezi."

Kwa mjomba wangu Msambweni, chombo hakinunuliwi kikiwa kinaelea. Maji yakipwa kinaegemezwa kwa miti, ndiyo gadi, kisha mnunuzi analala mchangani achungulie kila kitu. Baba aliona huo ni ushirikina wa wakwe zake.

"Nyamaza, unaniaibisha," alisema.

Sikunyamaza. Niliikalia bahasha ya hati za mauzo nikasema siinuki. Dalali alijua akikataa ataonekana anaficha kitu, akaenda kutafuta gadi huku akisonya. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa. Kabla ya adhuhuri boti ilikuwa imesimama mchangani, miti huku na huku.

Jua liliikausha yote, isipokuwa mstari mmoja, pale mkuku unapokutana na mwili wa boti. Pale palitiririka maji ya rangi ya chai ya rangi. Nilichovya kidole, nikakipangusa kwenye shati jeupe la baba. Kutu, na kutu hutoka kwenye bolti.

"Hilo ni jasho tu," dalali akasema.

"Jasho? Kwani imekimbia mbio na nani?"

Baba hakucheka. Alilala chali mchangani na suruali yake ya kazini, akaingiza ukucha katika ule ufa. Ukazama. Alipoinuka alimwomba dalali aufungue mkuku tuzione bolti zenyewe. Dalali akasema kuna wanunuzi wengine wasio na maswali.

"Wapelekee hao," baba akajibu, akaninyooshea mkono. Nikampa bahasha, naye akamrudishia dalali.

Njia nzima hakunisemesha. Jumatatu alirudi kwenye trei zake, na mpaka leo nikimwamkia shikamoo anaitikia akitazama ukutani. Mama ananihimiza nikaombe radhi. Siombi. Aninunie mpaka nimalize shule akitaka, mradi ananinunia akiwa hapa mezani, anakula.