Maji Laini na Plasta ya Mlamu

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, kwangu, ni safari ya kuaga majirani. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kutunza bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni iliyo hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, nilishukuru kwa umbali kwanza, ndipo nikashukuru kwa kazi.

Bwawa lenyewe dogo. Plasta yake nyeupe aliipiga mlamu wangu, kaka wa mke wangu, akailaza ikawa laini kama ganda la yai. Kazi yangu ilikuwa kulijaza maji. Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha nne ilipoharibu mambo.

Huku kwetu maji hupimwa kwa sabuni. Maji ya kisima kirefu cha pale yanaikataa kabisa: unasugua mpaka kiganja kinauma, povu hakuna, na birika linaota ukoko mweupe. Ya mvua, ukigusa sabuni kidogo tu, povu linafika kiwikoni. Basi nikamwambia mama mwenye nyumba ya wageni, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba bwawa zuri vile halistahili maji magumu. Masika yote nikakinga mvua ya paa lake kwenye matangi, nikajaza bwawa mpaka karibu na ukingo. Maji yakang'aa. Nikawa napita pale hata siku zisizo za zamu yangu, kuyatazama tu.

Mvua zilipokatika, wageni wakaanza kulalamika kwamba nyayo zinachubuka. Mama akapitisha kiganja ukutani, kikatoka na unga mweupe. Akamwita mlamu.

"Fundi, saruji umeificha wapi?"

"Mama, saruji yote imo humo."

"Mbona inatoka?"

Mlamu akaupapasa ukuta mwenyewe, naye akatoka na unga. Na Jumamosi alikuwa anakuja mzee mmoja wa Nachingwea, anayejenga bwawa lake, kuitazama kazi hii kabla ya kumkabidhi yake. Akiiona vile, jina la mlamu limekwisha wilaya mbili kwa mpigo. Mlamu akachukua patasi, aibandue plasta yote.

Mimi nikasimama namcheka, maana walamu lazima wataniane. "Si ungesema tu kwamba ulichanganya unga wa muhogo?"

"Badala ya kucheka, kapime maji yako," akanijibu.

Kisanduku cha kupimia maji kilikuwa kimeletwa kwa basi kutoka Dar tangu naanza kazi. Ndani yake nilikuwa natumia dawa ya kupimia klorini tu. Vichupa vya kupima ugumu sikuwa nimevifungua. Nipime nini, na sabuni imeshasema? Siku hiyo nikavifungua. Maji yanawekwa dawa yanakuwa mekundu, kisha unadondosha matone mpaka yawe ya buluu, ukihesabu. Karatasi ya maelezo iliyokuja nayo ilitaka matone yasiyopungua ishirini. Yangu yaligeuka kwenye tone la tatu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nikaisoma polepole kama barua ya mahakama: maji laini mno yana njaa ya chokaa, na yasipokuwa nayo huichukua kwenye plasta.

Nikarudi mbio. "Mama, mwenye kosa ni mimi. Mvua yangu ndiyo inayokula ukuta."

Wakacheka wote wawili.

"Nyie walamu mmeshaanza," Mama akasema. "Maji laini yanakulaje ukuta?"

"Mwache, Mama," mlamu akasema. "Leo ameamka na huruma."

Ndiyo faida ya utani wa miaka yote hiyo: siku nimesema kweli, hakuna wa kuniamini. Ikabidi nilete glasi mbili, moja ya bwawa, moja ya kisima. Ya bwawa, matone matatu. Ya kisima nikamwachia Mama adondoshe mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Akafika thelathini na mbili. Kicheko kikakoma.

Mlamu akaweka patasi chini. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unanila?"

Tukatoa maji zaidi ya nusu, tukajaza ya kisima kidogokidogo huku napima, na palipokwaruza tukapasugua kwa msasa wa maji. Jumamosi mzee wa Nachingwea akanikuta ndani ya bwawa, suruali nimeikunja, nasugua.

"Na huyu ndiye nani?"

"Huyu ndiye mvua, mzee," mlamu akasema, kisha akamsimulia yote, na sabuni hakuisahau.

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akainama, akapapasa ukingo wa juu, mahali ambapo maji yangu hayakuwahi kufika. Plasta pale ilikuwa kama siku ya kwanza. Akairudia kuipapasa, taratibu.

"Unaweza kuanza lini kwangu?" akamuuliza mlamu.

Mama, kitini kwake, akaninyooshea kidole. "Wewe usisikilize ya watu. Kona ile bado."

Nikasugua kona.