Herufi Zilizoota Vivuli

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka tisa, katika shule ya upili karibu na Nkubu, nilipoamua kuachana na miwani. Ilikuwa mizito, na msimu wa mvua ilijaa ukungu kila nilipoingia darasani. Daktari mmoja wa Nairobi alinionyesha picha ya konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Yangu haikuwa sawa. Upande wa chini ilikuwa imetuna. Alisema angeweza kuirekebisha kwa leza, ila hangeahidi kwamba ingebaki hivyo. Nilisikia sehemu ya kwanza tu, nikatia sahihi.

Sitadanganya, nilipata raha. Niliiona mibuni ya jirani ng'ambo ya bonde, mti mmoja mmoja, bila kitu puani. Nilimsifia kila mtu leza hiyo, hasa mdogo wangu anayeuza nguo Siakago, ambaye macho yake ni kama yangu.

Mwaka wa saba baada ya leza, taa za magari zikaanza kuota ndevu. Nikasema ni uchovu. Nikasogeza meza karibu na dirisha, nikaendelea kusahihisha.

Alasiri moja msichana wa kidato cha tatu aliingia katika chumba cha walimu na insha yake. Aliifungua mbele yangu, nikamuuliza shida ni nini.

"Mwalimu, hapa umesema nimeandika 'mmtoto'. Niliandika 'mtoto'."

Niliona m mbili. Nilipolileta daftari karibu na pua, ikawa moja na kivuli chake. Nilikuwa nimemkata alama ukurasa mzima. Walimu wenzangu wakainamia kazi zao. Nikamwomba radhi, kisha nikakusanya upya madaftari ya darasa zima.

Daktari wa macho mjini Meru alipima kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba konea yangu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, leza ikaipunguza unene, na sasa ilikuwa inasukumwa mbele taratibu.

"Hatuwezi kuirudisha ilivyokuwa, Mwalimu," akasema. "Tunaweza kuizuia isiendelee."

Walinitia matone na kunimulika mwanga wa kuikaza konea. Siku nne nililala pazia likiwa limefungwa, machozi yakinitoka kama niliyefiwa. Baadaye nikapewa lenzi ngumu, zile za kuvaliwa juu ya jicho lenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Siakago. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuomba nafasi kwa daktari yule yule wa Nairobi. Nilimweleza yote, huku akikunja suruali za watoto bila kuniangalia.

"Kwa hivyo ile miaka sita haikukufaa?" akauliza.

"Ilinifaa."

"Basi?"

"Basi waipime konea yako kwanza. Wakikataa, usitafute mwingine atakayekubali."

Walimkatalia. Aliniambia kwa simu, kwa maneno machache, kisha hatukuongea mpaka wakati wa mavuno. Alihisi nimemfungia mlango ambao mimi nilikuwa nimeupita. Siwezi kumlaumu. Bado anavaa miwani yake minene, na kila akipimwa anaambiwa macho hayajabadilika.

Mimi huvaa lenzi kabla ya chai ya asubuhi. Kufikia saa nane mchana zinawasha kama pilipili, nazitoa, na kipindi cha mwisho nafundisha nimekaa, mwanafunzi akiniandikia ubaoni. Mwalimu mkuu ameuliza kama ningependa kupunguziwa vipindi. Nimemwambia nitafikiria. Sijafikiria, nimechoka.