Sauti Iliyowekwa Kwanza

Mikisa yangu ya kuchanganyia sauti ilikuwa kitu duni, niseme ukweli. Boksi jeusi la plastiki, njia nne za kuingizia sauti, vijiti vinne vya kusukuma juu na chini, na njia ya tatu ilikoroma hata pasipochomekwa kitu. Kifundo cha kijiti kimoja kilikuwa kimepotea, nikaweka kifuniko cha dawa ya meno. Aliyenipa alikuwa mfanyakazi wa reli aliyeitoa upande wa Zambia, nami nikampa baiskeli yangu. Baba aliponiona naenda kazini kwa miguu alinuna siku nyingi. Mimi nilijiona bwana mkubwa, maana katika mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, sikujua mwingine mwenye studio chumbani.

Studio ni neno kubwa mno. Kulikuwa na blanketi ukutani, godoro mlangoni, maiki moja na vinasa sauti viwili vya kaseti. Masika hatukurekodi kitu, kwa sababu mvua kwenye mabati haikuruhusu hata mazungumzo. Kiangazi nacho kilikuwa na adhabu yake. Jioni majirani wakiwasha resho zao za kupikia, umeme ulinyong'onyea, mota ya kinasa ikalegea, na kesho yake ukisikiliza unakuta watu wazima wanalia kama bata. Kwa hiyo tulifanya kazi alasiri, kabla ya mapishi.

Lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana uchungu wangu wote umo humo. Kaseti nzuri zilikuwa adimu, na sisi tulikuwa nazo mbili tu. Unarekodi sauti ya kwanza kwenye kaseti moja. Kisha unaicheza kupitia mikisa, mwenzako anapiga gitaa juu yake, na vyote viwili vinaingia kwenye kaseti ya pili. Halafu unaicheza hiyo ya pili, mwingine anaongeza besi, na vyote vinarudi kwenye kaseti ya kwanza na kufuta kilichokuwamo. Mnakwenda hivyo huku na huku mpaka wimbo utimie. Kila mzunguko utepe unaongeza mvumo wake, kama mafuta kwenye kikaango, na aliyetangulia anasukumwa nyuma. Ndiyo maana mtu mwenye akili huweka ngoma kwanza, na mwimbaji humweka mwisho.

Mdogo wangu wa kike tulimweka kwanza, kwa sababu alikuwa anaondoka. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa samaki wa Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na lori la kumchukua lilikuwa linangoja tu kupata mafuta. Alikuwa na sauti, yule mtoto. Kwenye kwaya ya parokia alikuwa wa kwanza, na asubuhi zile walipokuwa wakilazimishwa shuleni kucheza na kuimba sifa za chama, yeye ndiye aliyewekwa mbele. Hilo lilimkera.

"Yaya, minachoka kuimbia bantu benye habanijue," aliniambia; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa. "Minataka wimbo yangu mwenyewe, mbele ya kuenda."

Wimbo wake ulikuwa wa kuiaga nyumba: mlango, kisima, kinu cha mama. Alikaa kwenye kigoda katikati ya blanketi zangu, akacheka kwamba nimemfunga kama muhogo wa kuvundika. Nikamwonya asicheke. Sheria yangu ilikuwa moja: kitufe chekundu kikishabonyezwa, hakuna anayetoa neno. Nikabonyeza. Akanitazama, akauliza, "Yaya, nianze?"

Sikumjibu. Sauti yangu ingeingia kwenye maiki, na kaseti haikuwa ya kuchezea. Niliinamisha kichwa tu. Akashika sikio lake, akaanza.

Siku ya pili lori likamchukua. Sisi wanaume tukabaki na wimbo. Akaja wa gitaa, akaja wa besi, wakaja wawili wa kuitikia, na kila mmoja akitaka asikike. Walikuwa vijana wazuri, siwalaumu. Tulipoupeleka redioni tukaambiwa turudi na wimbo wa kumsifu kiongozi, kisha wataona. Tukarudi Kenya tunatukana njia nzima. Nikasema, basi, atakaporudi kutusalimu tutaurekodi upya, yeye mbele.

Hakurudi. Habari ililetwa na wachuuzi wa samaki, waliokuwa wamekwama barabarani na gari lao kwenye matope. Alikufa akijifungua, na mtoto naye. Walipofika kwetu alikuwa ameshazikwa zamani. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza alizikwa na kitambaa gani. Hawakujua. Matanga tukayafanya bila maiti na bila kaburi, watu wakikaa uani kwenye mikeka wakimlilia mtu waliyemuaga akicheka juu ya lori.

Watu walipotawanyika, mama aliingia chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akaketi kwenye kile kigoda.

"Mutoto yangu iko mule ndani," alisema, akiionyesha mikisa. "Niimbishie."

Nikaucheza. Besi ikavuma, gitaa likaja, wale wawili wakaitikia kwa nguvu zao zote. Yeye alikuwa chini kabisa, nyuma ya mvumo, kama mtu anayeimba kwa jirani. Mama akainama mpaka sikio likagusa spika.

"Iko mbali," akasema. "Teremusha bale bengine. Umupandishe yeye."

Alikuwa ameniona miezi yote nikisukuma vile vijiti: huyu juu, yule chini. Nikashusha kimoja, wote wakashuka. Nikapandisha, wote wakapanda pamoja na mvumo. Nikapunguza ukali wa sauti ili mvumo upungue, nao ukapungua kweli, lakini ukaondoka na pumzi zake na maneno yake, akabaki kuguna. Jasho lilikuwa linanitoka. Niliichukia mashine ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Mama, haiwezekani," nikasema. "Tulishabachanganya. Unga ikishasongwa ikakuwa bukari, utarudisha namna gani unga?"

Mama hakupandisha sauti. "Mutoto yangu haiko unga," alisema.

Akaja akakaa karibu yangu, akavishika vijiti mwenyewe kwa vidole vyake vya jikoni, kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka kile chenye kifuniko cha dawa ya meno. Aliamini nimekosea mahali fulani tu. Nilimwacha ajaribu, kwa sababu nami nilikuwa bado naamini kidogo.

Ndipo aliporudisha utepe mpaka mwanzo kabisa. Kabla ya gitaa, kabla ya wote, katikati ya mvumo, tukasikia, "Yaya, nianze?"

Hapo tu ndipo mdogo wangu alipokuwa peke yake. Wengine wote walikuwa wamekaa kimya wakingoja aanze, kwa ile sheria yangu. Na baada ya swali kulikuwa na nafasi tupu, pale nilipoinamisha kichwa.

"Anza, mama," mama yangu akasema, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita binti zao. Kisha akanishika mkono nizime, kabla wale wanaume hawajaingia.

Tangu siku ile wimbo haukusikilizwa tena. Kila alasiri, umeme ukiwa na nguvu, mama alikuja, nikarudisha utepe, mtoto akauliza, mama akajibu, nikazima. Ilikuwa furaha yake pekee, nami ilikuwa inanila moyo, maana nilijua anachofanya. Utepe huchakaa unapopitishwa, na sisi tulikuwa tunapitisha kipande kilekile tu. Nilimtengenezea nakala ili ile yenyewe ipumzike. Akaisikiliza mara moja, akanirudishia.

"Hii iko mbali zaidi," alisema. Na ilikuwa kweli.

Ningeweza kumnyima, ili sauti idumu. Lakini idumu kwa ajili ya nani? Nikaendelea kurudisha na kucheza. Likaanza kupotea "yaya", kisha "nianze" ikawa pumzi, kisha hata pumzi siwezi kuapa kwamba niliisikia. Mimi niliyejivunia masikio yangu mtaa mzima, nilisikia mafuta ya kikaango tu, tangu mwanzo wa utepe mpaka gitaa linapoingia.

Mama alikaa kwenye kigoda, kichwa ameinamisha kwenye spika, akingoja mahali palepale alipopajua.

"Anza, mama," akasema.

Nami nikazima.